Langalanga za Vijana na Bei ya Kuonekana

Katika miezi ambayo Ulaya huwa katika majira ya joto, saa ya Lilongwe na saa ya Roma husoma wakati mmoja, na kwa sababu hiyo mtu wa Malawi aliye na king'amuzi cha setilaiti hana haja ya kuuvunja usingizi wake ili aone mashindano ya magari: asubuhi ya Jumapili, kabla jua halijawa kali na kabla mpira wa miguu haujajaza vibanda vya video, magari ya vijana huwa yamekwisha kupangwa katika barabara ya Monza au ya Budapest, yakingoja taa tano nyekundu zizimike. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kaskazini ya Lilongwe, watu wanaoketi kuyatazama ni wachache, na aghalabu ni wale waliokuja kuchaji simu zao wakakuta kioo kimewashwa. Swali lao la kwanza huwa lile lile: hawa vijana hulipwa kiasi gani? Jibu lake ndilo kiini cha makala haya, nalo ni kwamba walio wengi hawalipwi hata senti. Wao ndio wanaolipa.

Mashindano yenyewe ni madaraja ya chini ya Formula 1, ambayo Waswahili wengi wamezoea kuiita langalanga. Gari lake lina kiti kimoja, halina paa wala milango, na magurudumu yake manne yamesimama nje ya bodi, yameshikwa na vyuma vyembamba vinavyoonekana kwa macho. Umbo hilo si pambo, kwa maana gurudumu lisilofunikwa hupunguza uzito wa gari na humwezesha fundi kulifikia bila kufungua kitu. Lakini kwa dereva lina hatari ya namna yake, kwani gurudumu la mbele la gari moja likigusa gurudumu la nyuma la gari jingine linalozunguka kwa kasi, hupanda juu yake, na gari zima likarushwa hewani. Hivyo dereva wa magari haya hana budi kujifunza tangu utoto adabu ambayo dereva wa gari la kawaida haijui, nayo ni kupita ubavuni mwa mwenziwe kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, baina yao pakiwa na nafasi ya kiganja, asimguse wala asimwogope. Aliyekulia Malawi hatalishangaa umbo lenyewe, madhali magari ya waya ambayo watoto wa huku huyasuka kwa mikono yao, nao huyaita galimoto kwa jina lile lile la gari la kweli, mara nyingi huwa na magurudumu yaliyo nje vivyo hivyo, yaliyokatwa katika makopo au malapa yaliyochakaa, na fimbo ndefu ya usukani inayomfikia mtoto kifuani anapokimbia nyuma yake.

Safari ya kijana katika mchezo huu huanza katika gokati, vigari vidogo visivyo na springi, akiwa na umri wa miaka minane au chini yake. Akitimiza miaka 15 huruhusiwa kuingia Formula 4, daraja lililobuniwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, mwaka 2014, ili nchi nyingi ziwe na ngazi moja inayofanana. Juu yake zimo Formula za kanda, kisha Formula 3, kisha Formula 2, na ndipo mlango wa Formula 1, ambao hauingiliki bila leseni kuu. Leseni hiyo haitolewi kwa uhodari wa siku moja: dereva sharti awe ametimiza miaka 18, isipokuwa kwa idhini maalumu, na awe amekusanya pointi 40 katika misimu mitatu, ambazo bingwa wa Formula 2 huzipata zote kwa mkupuo, ilhali bingwa wa Formula 4 huondoka na 12 tu. Kanuni hiyo ilianza kutumika baada ya Max Verstappen kuingia Formula 1 mwaka 2015 akiwa na miaka 17, jambo ambalo baadhi ya wakubwa wa mchezo waliliona kuwa ni haraka iliyozidi.

Sasa tuje kwenye fedha. Katika stendi za Lilongwe kila mtu anajua jinsi minibasi inavyoendeshwa: dereva hupewa gari na tajiri, hushinda nalo barabarani kutwa, na jioni humpelekea mwenyewe hesabu yake, kinachozidi kikawa riziki ya dereva na kondakta. Katika langalanga za vijana mambo ni kinyumenyume, kwani dereva humpelekea tajiri hesabu kabla gari halijawashwa, na hakuna abiria watakaoirudisha. Timu ndiyo yenye magari, mafundi na malori ya kuyachukua. Kijana, au baba yake, au kampuni iliyomwamini, hununua kiti kwa msimu mmoja. Kiti cha Formula 4 hutajwa kuwa ni laki kadhaa za euro, cha Formula 3 hupita milioni moja, na cha Formula 2 hufika milioni mbili na kuendelea. Ilipoanzishwa F1 Academy, mashindano ya wasichana peke yao, mwaka 2023, wakubwa wa Formula 1 waliona afadhali kusaidia, wakatoa euro 150,000 kwa kila gari, na bado kila msichana alitakiwa alete kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake au kwa wafadhili wake. Sisi tunazisoma bei hizo katika makazi yaliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi na kitu, ambayo leo yana zaidi ya elfu hamsini, na ambayo mkaaji wake, kwa kanuni za nchi, hatakiwi kufanya kazi wala kukaa nje bila ruhusa. Hatuna sababu ya kujifanya kwamba tofauti hiyo ni ndogo.

Walakini lingekuwa kosa kudhani kwamba fedha hununua ushindi. Katika Formula 2 na Formula 3 magari yote ni ya aina moja, yaliyoundwa na kiwanda cha Dallara cha Italia na kutiwa injini za Mecachrome, yakivaa matairi ya Pirelli yasiyotofautiana, na tajiri hana ruhusa ya kumnunulia mwanawe injini yenye nguvu kuliko ya jirani. Kinachonunuliwa ni nafasi ya kuonekana, na nafasi yenyewe ni finyu kupita kiasi. Msimu wa Formula 3 hufunguliwa mwezi Machi na kufungwa Septemba, na ule wa Formula 2 huendelea hadi Desemba huko Abu Dhabi. Katika kila mwisho wa juma wa mashindano dereva wa Formula 3 hupewa dakika 45 za mazoezi, kiasi cha nusu saa ya kutafuta nafasi ya kuanzia, na mbio mbili. Ukizihesabu dakika hizo za mazoezi kwa msimu wa raundi kumi, na ukiacha siku chache za majaribio, unapata saa saba na nusu kwa mwaka mzima, na kwa saa hizo mtu amelipa fedha ambazo zingejenga mtaa.

Mbio mbili hizo nazo hazifanani, na hapo ndipo penye utamu. Ile ya Jumapili ndiyo kubwa, na mshindi wake hupata pointi 25. Ile ya Jumamosi ni fupi, mshindi wake hupata 10, na mpangilio wake wa kuanzia hupinduliwa kwa makusudi, hata yule aliyekuwa wa kumi katika Formula 2, au wa kumi na mbili katika Formula 3, ndiye anayesimama mbele, na aliye hodari kuliko wote hulazimika kuwapita wenziwe mmoja baada ya mmoja. Wako wanaolalamika kwamba hiyo ni kamari iliyovishwa kanzu ya mchezo. Mimi naona ni insafu, kwa kuwa kijana anayeanza mbele na kumaliza mbele ametuonyesha kasi tu, lakini anayeanza nyuma hutuonyesha subira yake, hasira yake, jicho lake, na jinsi anavyoyatunza matairi ambayo huyeyuka na kupoteza mshiko kadiri anavyoyasukuma. Mara nyingi kijana mwenye pupa huongoza mizunguko kumi ya kwanza kwa fahari, kisha hupitwa na wote aliowadharau.

Msimu mmoja utatosha kuonyesha jinsi hesabu hizi zinavyofanya kazi, nao ni ule wa mwaka 2006, wakati daraja linaloitwa Formula 2 tangu 2017 lilipokuwa likiitwa GP2. Kwa upande mmoja alisimama Nelson Piquet Jr., Mbrazili, mwana wa Nelson Piquet aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu, akiendesha gari la timu iliyobeba jina la baba yake mwenyewe. Kwa upande wa pili Lewis Hamilton, Mwingereza mwenye asili ya Grenada kwa upande wa babake, kijana wa miaka 21, ambaye baba yake alikuwa akifanya kazi zaidi ya moja ili alipie gokati, mpaka kampuni ya McLaren ikamchukua mwaka 1998 akiwa na miaka 13 na kuanza kulipa. Nisisitize hapo, kwa sababu hadithi ya Hamilton husimuliwa kana kwamba bidii peke yake ilimfikisha, na bidii hatuikatai, lakini pasingekuwa na McLaren bidii ile ingeishia katika barabara za gokati za Hertfordshire, na majirani wangemkumbuka kama kijana aliyekuwa mwepesi zamani.

Piquet alishinda Valencia katika mbio ya kwanza ya msimu. Huko Imola Hamilton alilipita gari la usalama, jambo lililokatazwa kabisa, akafutwa katika matokeo. Kisha akaenda Nürburgring akaadhibiwa kwa kupita mwendo katika njia ya mafundi na bado akashinda, akaamka siku ya pili akashinda tena. Alishinda Monaco, barabara iliyo nyembamba kuliko zote. Nyumbani kwake Silverstone alishinda mbio zote mbili, na katika ile ya pili alimpita Piquet na dereva mwingine kwa wakati mmoja, magari matatu yakiwa sambamba katika kona za mwendo mkali ambamo hata mawili ni mengi. Piquet hakukata tamaa, akajibu kwa kuzitwaa mbio zote mbili za Hungary na moja ya Istanbul. Na huko huko Istanbul, katika mbio ya pili, gari la Hamilton lilizunguka, akaangukia karibu na mkia wa msafara, kisha akawapita wote isipokuwa mmoja. Walipofika Monza kwa raundi ya mwisho alikuwa akihitaji pointi chache tu, na ile ya mwisho kabisa aliipata mezani: Giorgio Pantano, Mwitaliano aliyekuwa ameweka mzunguko mwepesi kuliko yote katika mbio ya Jumamosi, alinyang'anywa heshima hiyo na wasimamizi, na pointi moja iliyokuwa yake ikamwendea Hamilton, ikawa ndiyo ya ubingwa. Hesabu ya mwisho ilikuwa 114 kwa 88, tofauti ambayo mtu asiyeyaona yaliyotokea angeiita nyepesi. Mwaka uliofuata Hamilton aliingia Formula 1 na kuukosa ubingwa wa dunia kwa pointi moja, na mwaka 2008 akaupata kwa pointi moja.

Kwa sisi wa upande huu wa Afrika iko hadithi ya karibu zaidi, ijapokuwa ni ya zamani na wengi wameisahau. Kuanzia mwaka 1953 Malawi, iliyoitwa Nyasaland, ilifungwa pamoja na Rhodesia mbili katika Shirikisho ambalo Wanyasa walio wengi hawakulitaka, na katika Shirikisho hilo, mjini Bulawayo, aliishi dereva aliyeitwa John Love. Wakati ule daraja la chini la magari ya kiti kimoja liliitwa Formula Junior, na lilibuniwa na bwana mmoja wa Italia, Giovanni Lurani, kwa nia ya kuupunguza ughali: injini sharti itokane na gari la kawaida la kuuzwa madukani, isizidi sentimita za ujazo 1,100, na gari zima lisipungue kilo 400. Kutoka katika daraja hilo Jim Clark na John Surtees walipanda mpaka ubingwa wa dunia. Mwaka 1961 Ken Tyrrell, mfanyabiashara wa mbao wa Kiingereza aliyekuwa na timu ndogo ya magari ya Cooper, alimchukua Love pamoja na Tony Maggs wa Pretoria, na watu hao wawili wa kusini mwa Afrika wakazunguka Ulaya wakishinda.

Jina la Junior lisikudanganye, kwani Love alizaliwa Desemba 1924, na katika msimu ule wa vijana alikuwa na umri wa miaka 36. Ujana uliokuwa ukitajwa ulikuwa wa gari. Hapo ndipo ninapoona jinsi mchezo ulivyogeuka: leo mtu wa miaka 22 aliye bado Formula 3 huanza kuulizwa maswali na wafadhili wake, na aliyefika 25 huhesabiwa kuwa amechelewa, ilhali miaka sitini na zaidi iliyopita mtu mzima kutoka Bulawayo aliweza kuanza upya Ulaya na watu wakamkubali.

Lakini si kila mtu wa Shirikisho aliweza. Mwezi Agosti 1961, Love akiwa Ulaya na magari ya Tyrrell, Wanyasa walikuwa wakipiga kura katika uchaguzi ulioipa Malawi Congress Party ushindi mkubwa, miaka miwili baada ya kiongozi wao, Dkt. Kamuzu Banda, kukamatwa na kupelekwa gereza la Gwelo, huko huko Rhodesia ya Kusini. Njia ya Mnyasa kwenda Bulawayo katika zama zile ilikuwa njia ya kibarua cha mgodini, shambani, au jikoni kwa watu, na hata angekuwa na wepesi wa Jim Clark pasingekuwa na jicho la kuuona. Jedwali la pointi hueleza kwa uaminifu nani alimshinda nani miongoni mwa walioingia. Halina safu ya wale ambao hawakufika langoni. Mwishoni mwa 1963 Shirikisho lilivunjwa, na mwaka huo huo ukawa wa mwisho wa Formula Junior, iliyokuwa imekwisha kuwa ghali kinyume cha nia ya mwanzilishi wake, nafasi yake ikashikwa na Formula 3. Naye Banda, baada ya uhuru wa 1964, alikuwa na magereza yake mwenyewe, na mojawapo lilikuwa hapa Dzaleka.

Love hakufika Formula 1 kwa njia ya Formula Junior. Mwaka 1962 alitwaa ubingwa wa Uingereza wa magari ya kawaida kwa kigari cha Mini Cooper, lakini mwaka huo huo alipata ajali huko Albi, Ufaransa, akiwa katika Formula Junior, mkono ukavunjika vibaya, na mlango wa Ulaya ukafungwa. Alirudi nyumbani, akawa bingwa wa Afrika Kusini mara sita mfululizo, kuanzia 1964 hadi 1969.

Mtu anaweza kuuliza kama hali hiyo ya watu wetu kutofika langoni itabadilika mbio kubwa zikirudi barani Afrika. Mwezi Desemba 2024 FIA ilifanya mkutano wake mkuu Kigali, na Rais Paul Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa Formula 1. Zamani ningesema kwamba barabara ya kifahari haizai madereva, lakini Kenya imenifanya nisite: Safari Rally iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, kampuni za nyumbani ziliona faida ya kuonekana pamoja na vijana wa nyumbani, na mwaka uliofuata McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome wakaingia katika ubingwa wa dunia wa vijana wa rali, huku Maxine Wahome akishinda daraja la WRC3 huko Naivasha, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Magari yao yana magurudumu yaliyofunikwa, ila fedha ni zile zile. Wafadhili huenda mahali watakapotazamwa, na Formula 1 haijakimbizwa Afrika tangu mwaka 1993, huko Kyalami, karibu na Johannesburg.

Ni Kyalami hiyo hiyo ambako John Love, tarehe 2 Januari 1967, akiwa na miaka 42, aliingia katika mbio za ubingwa wa dunia na gari kuukuu la Cooper ambalo halikuundwa kwa mwendo mrefu namna ile. Hodari mmoja baada ya mwingine aliharibikiwa, na Love, Mrhodesia ambaye Ulaya ilikuwa imekwisha kumsahau, akajikuta anaongoza, mizunguko ikizidi kupungua. Madereva wa Lilongwe, ambao katika miaka hii ya karibuni wamelala katika foleni za vituo vya mafuta, watayaelewa yaliyofuata bila kuelezwa sana: mizunguko saba kabla ya mwisho ilimbidi aingie kwa mafundi kutafuta petroli. Pedro Rodríguez wa Meksiko akampita. Love alitiwa mafuta, akarudi barabarani akiwa wa pili, na wa pili akamaliza.